Sura au tabia: ulinganisho kwa anayechagua mchumba Kigoma

Dagaa wa chanja na dagaa wa mchangani wakishamwagwa kwenye sado wanafanana. Ni wa ziwa moja, wamevuliwa usiku mmoja, na mgeni aliyeshuka stesheni leo asubuhi hawezi kuwatenganisha kwa macho. Mama wa Kibirizi hasumbuki kuwatazama. Anachota kiganja kimoja, anawatumbukiza kwenye bakuli la maji, anawakoroga kwa vidole viwili, anasubiri maji yatulie, kisha anainamisha bakuli na kuangalia chini. Mchanga ukiwa umetuama, anamshukuru muuzaji na kusogea meza ya pili. Mawese nayo yana kipimo chake: rangi nyekundu haimwambii kitu mpaka aweke kijiko kimoja kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Yakipasuka na kurusha matone, yana maji, na hayatakaa sana kabla ya kuharibika.

Mama huyohuyo, jioni akionyeshwa picha ya mkwe mtarajiwa kwenye simu, anaweza kusema "huyu sawa" kabla chai haijapoa. Mboga ya siku moja imepimwa kwa maji na kwa moto, halafu mtu wa kuishi na mwanawe miaka 40 amepimwa kwa kioo cha simu.

Ulinganisho huu ni wa kijana au binti, pamoja na wazee wake, aliye na watu wawili mbele yake: mmoja kila akipita shingo zinageuka, mwingine wa kawaida tu ambaye habari zake njema zinasikika mtaani. Tutawaita wa sura na wa tabia, ingawa mtu halisi huwa na vyote viwili kwa viwango tofauti. Mizani haiko sawa na hatutajifanya iko sawa. Tabia ina uzito mkubwa zaidi. Kazi iliyopo ni kujua uzito huo unapimwaje, maana wengi husema "mimi natafuta tabia" na bado hurudi nyumbani na sura.

Sura ina haki yake

Tusiidharau. Utamtazama mtu huyu kila siku, ukiwa na usingizi, ukiwa na homa, ukiwa umemkasirikia. Kama moyo unakataa kabisa kumtazama, usijilazimishe kwa kuwa shangazi amesifu heshima yake. Ndoa ya namna hiyo humwonea hata huyo mwenye tabia njema. Sura inastahili kura moja, na kura hiyo ipigwe mapema: unaweza kukaa naye meza moja ukala ukashiba? Kama ndiyo, sura imemaliza kazi yake.

Kuna kitu kimoja kinachoonekana kama sura na kumbe si sura, nacho ni usafi. Kucha zilizokatwa, kola isiyo na mstari wa jasho, viatu vya zamani vilivyopigwa brashi, kitenge kilichofifia lakini kimenyooshwa. Hayo hayategemei umezaliwaje wala una fedha kiasi gani. Anayetoka Katonga akiwa amebeba samaki tangu alfajiri na bado akakumbuka kunawa mikono na kubadilisha shati kabla ya kuingia kwa wakwe, amekuonyesha kipande cha tabia. Usafi uandike upande wa pili wa daftari.

Tatizo la sura ni kwamba haikubali kukaa kwenye kura yake moja. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliangalia alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari walio chini yao. Walitakiwa kupima kila sifa peke yake: umbo, akili, uongozi, tabia. Alama zikafuatana kupita kiasi. Aliyependeza umbo akapewa na akili, akapewa na uongozi, akapewa na uaminifu ambao hakuna aliyeuchunguza. Ndivyo jicho linavyofanya kazi hata barazani kwetu. Binti mwenye uso wa upole anahesabiwa mpole, kijana mrefu mwenye sauti nzito anahesabiwa mtu wa kutegemewa, na wa kawaida anaombwa vielelezo. Wazee wa Kiswahili walishalifupisha jambo hili: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Dawa yake ni utaratibu. Kabla hujamwona mtu mara ya pili, andika vitu vitano unavyotaka kwa mwenzi. Baada ya kila mkutano, andika alichofanya mbele ya kila kimoja. Si ulivyojisikia, alichofanya. Utashangaa karatasi ya wa sura inavyobaki nyeupe wakati moyo wako umejaa.

Rangi ya dukani

Kwa kuwa vijana wengi wakisema "mzuri" wanamaanisha "mweupe", tuseme wazi kuhusu mkorogo. Krimu za kuchubua ngozi mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, na Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo. Zebaki hudhuru figo, na kwa mjamzito hufika kwa mtoto. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Inatoa michirizi, jeraha dogo linachelewa kupona, na daktari anapata shida kuishona. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta madoa meusi ya kibluu ambayo hayatoki, na hapo mtu huongeza dozi ili kuyaficha. Dalili ni zilezile: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi, masikio ya rangi yake ya zamani.

Hatusemi anayejichubua ni mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu aliyeambiwa na wachumba watatu mfululizo kwamba hatoshi. Ila ukimchagua kwa rangi hiyo, umemwajiri kuinunua kila mwezi, kwa fedha ya nyumba na kwa figo zake.

Giza na mbalamwezi

Hapa ndipo Kigoma inatuzidi wengine wote kwa kipimo. Uvuvi wa dagaa hufuata mwezi. Usiku wa giza, taa zinajaa ziwani mpaka unadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Ikifika mbalamwezi, samaki hawafuati taa, na mitumbwi mingi hupumzika takribani wiki moja. Kwa hiyo kila mwezi mvuvi, mchuuzi, mbeba ndoo na mama mwenye chanja huwa na fedha, kisha huwa hawana. Mtu anayeishi na mzunguko huo anakuonyesha tabia yake mara 12 kwa mwaka bila kuombwa.

Wa sura, mara nyingi, hukutana nawe wakati wa giza. Soda zinaletwa mbili mbili, bodaboda analipwa bila kuomba chenji, vocha zinatumwa. Usipime hapo. Mpime siku ya nne ya mbalamwezi. Je, simu inazimwa? Anakopa kwa nani, na anamwambiaje mkopeshaji? Anaendelea kukutembelea kwa miguu kutoka Gungu, au anatoweka mpaka mfuko ujae? Wa tabia anaweza kufika mikono mitupu akasema, "Wiki hii hali si nzuri, nimekuja kusalimia tu." Sentensi hiyo ina thamani kuliko kreti ya soda, maana anayeweza kuitamka kwa mchumba ataweza kuitamka kwa mke, na nyumba haitaishi kwa kubahatisha.

Mwaka 2024 kipimo kilikuwa kikali zaidi. Shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilipumzishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu mizima. Swali la busara kwa yeyote anayeishi kwa ziwa ni hili: miezi ile uliishije? Anayejibu kwa vitu (nilikuwa na magunia mawili ya mahindi, nilifyatua tofali, nilisukuma biashara ya mhogo Mwandiga) amekueleza mengi. Anayejibu "Mungu ni mwema" huenda ni mcha Mungu, lakini bado hujajibiwa. Uliza tena.

Kwa asiyeishi kwa samaki, kama vile mwalimu, fundi, muuguzi au mwenye duka, kipimo kinacholingana na hicho ni tarehe 20 ya mwezi, fedha ikiwa imekaribia kuisha.

Kijitabu cha kikoba kinasaidia pia. Vikundi vingi vya akiba huuza hisa 1 hadi 5 kila mkutano, kila hisa muhuri mmoja, na mkopo usiozidi mara 3 ya akiba ya mtu. Baada ya posa kukubaliwa, si kabla, si kosa wachumba kuonyeshana vijitabu hivyo. Usihesabu jumla, soma mwendo. Mihuri 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1 ni ya mtu anayejua kipato chake. Mihuri 5, 5, 0, 0, 0, 5, kisha mkopo mkubwa, ni ya mtu anayetaka kuonekana. Angalia pia ukurasa wa faini: faini za kuchelewa kila wiki ni habari. Uliza kuhusu mikopo ya kausha damu na kuhusu mikeka ya kubeti, tena uliza kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza idadi ya ndugu. Deni si dhambi. Deni lililofichwa mpaka baada ya harusi ndilo linalobomoa, kwa sababu siku likifichuka yanafichuka mawili, deni na uongo.

Neno "hapana", na siku ya kosa

Tukiambiwa tubakishe vipimo viwili tu tutupe vingine vyote, tutabakisha hivi.

Cha kwanza: mkatalie jambo dogo. Amekuomba mwende Mwanga Jumamosi, mwambie hapana, nina kazi nyumbani. Usieleze sana. Kisha tazama siku tatu, si dakika tatu. Dakika tatu za kwanza kila mtu ni mwungwana. Wa sura aliyezoea kukubaliwa anaweza kutabasamu, halafu siku ya pili ananuna, siku ya tatu anatuma ujumbe wa kukuhesabia mema yake: nilikununulia hiki, nilikusindikiza siku ile. Mwingine hanuni, anarudia ombi lilelile mara nne kwa maneno matamu mpaka unachoka. Huyo ni hatari zaidi kwa kuwa anasifiwa kwa upole. Wa tabia husikitika waziwazi, pengine anauliza kama kuna la kusaidia, na mambo yanaendelea. Jaribu mara tatu kwa miezi miwili, kwa mambo halisi, bila hila; ukimtega mtu kwa uongo, wewe ndiye uliyefeli kipimo.

Cha pili kinakuja chenyewe: siku atakapokosea. Amechelewa saa mbili, amesema neno baya mbele ya dada yako, ameahidi akasahau. Radhi nzima ina vipande vinne. Anataja kosa kwa jina lake ("nilimtolea sauti dada yako", siyo "kama kuna mtu nilimkwaza"). Haweki "lakini" nyuma yake. Anatengeneza alichoharibu, yaani anamwendea dada mwenyewe. Na wiki nne zijazo kosa hilo halirudiwi. Wengi wana kipande cha kwanza na cha tatu. Uso mzuri una ubaya wake hapa: unasamehewa kabla ya kuomba radhi, tangu utotoni, kwa hiyo mwenye nao anaweza kufika miaka 28 bila kujifunza vipande vyote vinne. Si kosa lake kabisa. Ni letu tuliomsamehe ovyo.

Kinyume chake pia kipo: mtu anayekimbilia radhi kwa kila kitu, hata kosa lako, ili tu kelele ziishe. Inapendeza mwezi wa kwanza. Baadaye utagundua hujui anafikiri nini juu ya jambo lolote.

Adabu ya mbele na tabia ya nyuma

Salamu za Kiha hazina haraka. Mgeni anayezijua, anayeinama panapostahili na kungoja zamu yake, hupata alama nyingi kwa mzee mwenye nyumba, na ni haki. Ila adabu kwa wakubwa ni somo linalofundishika kwa jioni moja. Mshenga mzuri anaweza kumfundisha mtu njiani kutoka Ujiji mpaka Buzebazeba na akaingia ukumbini kama kalelewa na mashehe. Tabia huonekana mtu anapozungumza na asiyeweza kumfaidisha wala kumdhuru.

Kwa hiyo mtazame na mtoto anayeuza karanga. Mtazame na mama lishe aliyesahau pilipili. Mtazame kwenye boti ya Kibirizi kuelekea vijiji vya kaskazini, watu wamebanana na magunia, jua kali, mashine imezimika katikati: anasogea mama mwenye mtoto akae, au anapigania kivuli? Anavyomwita msichana wa kazi wa nyumba yao, kwa jina au kwa "we", ndivyo atakavyokuita mwaka wa sita mkigombana.

Na msikilize anavyowasema wachumba wake wa zamani. Mmoja alikuwa mbaya, sawa, yawezekana. Watatu wote walikuwa wabaya, wote walimroga, wote walimwibia? Wewe ni wa nne kwenye foleni.

Mshenga aulize nini

Familia nyingi hutuma mtu kuuliza, na anarudi na jibu moja: "Wanasema ni mtoto mzuri." Kosa ni la swali. Ukimuuliza jirani "huyu ana tabia nzuri?" atasema ndiyo, kwa sababu hakuna anayetaka kuitwa mharibu posa za watu. Sifa haiulizwi, huulizwa tukio.

Mwendee mwenye duka analokopa: "Mara ya mwisho alikopa nini, na alirudisha baada ya siku ngapi?" Mwendee aliyefanya naye kazi, si bosi peke yake, bali wa chini yake: "Siku mzigo ulipopotea alisemaje?" Mwendee mpangaji mwenzake: "Akirudi usiku mnajuaje kwamba amerudi?" Swali hilo la mwisho linaonekana la kijinga, ila majibu yake yanataja pombe, kelele na wageni bila mtu kujiona anasengenya. Mjumbe wa nyumba kumi aulizwe kama amewahi kumsuluhisha na mtu. Watu watano wanatosha, wawili kati yao wawe ambao mchumba mwenyewe hakuwataja.

Kimya nacho kiandikwe. Jirani akivuta pumzi, akatazama ziwa, kisha akasema "ni mzuri tu", hiyo "tu" ndiyo ripoti. Mshenga asimbane. Arudi siku nyingine peke yake, bila daftari, akae anywe maji.

Mahali ambapo watetezi wa tabia hukosea

Wa kwanza kukosea ni anayedhani ubaya wa sura ni cheti cha wema. Kuna watu wasiovutia na wenye roho ya korosho. Wala uzuri si ushahidi wa maovu. Katika Biblia, nabii Samweli alipofika kwa Yese kumpaka mafuta mfalme, alimwona Eliabu mrefu wa kimo akadhani ndiye, akakatazwa kuangalia kimo. Lakini Daudi aliyepakwa mafuta anaelezwa palepale kuwa alikuwa mzuri wa kutazama. Uzuri haukumpa nafasi, wala haukumnyima. Hotuba za nikah nazo hukumbusha kuwa mwanamke huolewa kwa mambo manne, mali, nasaba, uzuri na dini, na mwoaji anahimizwa amshike mwenye dini. Uzuri umo kwenye hesabu, haukufukuzwa.

Wa pili ni anayechanganya ukimya na upole. Mtu asiyesema anaweza kuwa na subira, anaweza kuwa na kisirani, anaweza kuwa na hofu. Utajua kwa kumwachia nafasi ya kukupinga: mwombe maoni juu ya jambo ambalo unajua hakubaliani nalo. Mpole atakupinga kwa upole. Mwenye kisirani atakubali, kisha ataadhibu baadaye.

Wa tatu ni anayepima dini kwa mavazi na kwa safu ya mbele. Tuishie hapo, kila mtaa una mfano wake.

Mapungufu ya kufundishika na yasiyofundishika

Ukishajaza karatasi zote mbili, wa sura atakuwa na mapungufu, na wa tabia atakuwa nayo. Usiyahesabu, yatenge. Kuna yanayopungua mtu akipewa muda na mwenzi mvumilivu: kutojua kupika ugali wa mhogo ukaiva, kupanga matumizi vibaya, aibu mbele za watu, kuchelewa, hata uchafu wa chumba. Binti au kijana mwenye mapungufu ya namna hii tu na moyo wa kujifunza ni uchaguzi mzuri, awe na sura gani.

Kisha kuna yale ambayo ndoa haiyatibu, huyapa mlango wa kufungia ndani. Mkono mwepesi, hata kama umempiga mdogo wake na si wewe. Uongo wa mazoea, ule wa mambo madogo yasiyo na faida, kusema niko Mwanga kumbe yuko Katonga. Pombe au kubeti ambako mwenyewe hakubali kwamba ni tatizo. Na dharau: kukukata kauli mbele za watu, kukuiga unavyoongea, kucheka ndugu zako. Moja tu kati ya haya manne linatosha kumtoa mtu kwenye orodha, na haijalishi upande wa sura una alama ngapi. Wanaosema "atabadilika akioa" waulizwe wanamjua nani aliyebadilika hivyo, na alibadilishwa na nini.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inafundisha jambo hapa. Ukisoma mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama ili kuona kama ndoa imevunjika pasipo kurekebishika, utakuta uzinzi, ukatili, kumtelekeza mwenzi kwa makusudi, kuondoka nyumbani miaka 3 au zaidi, na mengineyo. Hakuna mahali palipoandikwa amenenepa, ameota kipara, uso umepauka. Watunga sheria walijua nyumba zinavunjwa na nini.

Kwa ratiba, muda usipungue miezi 6, na kama mnaweza fikeni 12, ili umwone katika giza na mbalamwezi, katika msiba mmoja na harusi moja, akiwa mgonjwa na akiwa na fedha. Msiba hasa. Angalia kama anabeba maji au anapanga viti, au anakaa upande wa wanaopiga soga.

Vipimo vya damu viingie katikati ya muda huo, si wiki ya harusi. VVU mpime pamoja, na mrudie baada ya miezi 3 kwa sababu maambukizi mapya hayaonekani mara moja. Mpime na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: ninyi wawili mkiwa wabebaji wa vinasaba vyake, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuzaliwa mgonjwa, na mnaweza nyote mkawa na afya tele na nyuso zinazong'aa. Mchumba anayekubali kupima na kukaa kusikiliza majibu pamoja nawe, weka alama upande wa tabia. Anayekasirika kwamba humwamini, umepata kipimo cha "hapana" bila kukipanga.

Ukigundua umechelewa

Mara nyingi ukweli hufika barua ya posa ikiwa imeshajibiwa. Bado kuna nafasi, ila kila hatua inapunguza. Kabla ya mahari ni rahisi. Baada ya mahari ni aibu ya wiki chache. Taarifa ya kufunga ndoa inatakiwa itolewe angalau siku 21 kabla, na siku hizo si za kushonea sare peke yake. Ni za mtu kusema kama kuna kizuizi. Sheria ya Ndoa inaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa, kwa hiyo tangu siku ya kwanza mshenga aandike kilichotolewa, tarehe, na nani alipokea. Walioandika humaliza jambo kwa nusu saa.

Namna ya kujitoa nayo ina utaratibu. Asiende kijana mwenyewe, asitume ujumbe wa simu, wala picha za ushahidi zisisambazwe kwenye kundi la ukoo. Aende mshenga na mzee mmoja, mchana, wakiwa wamekula. Wasitaje mapungufu ya mtoto wa watu barazani. Maneno yanayotosha ni, "Mzee, mwenzetu hajawa tayari, na sisi hatukutaka kuwapotezea muda." Wakiulizwa sababu, wanairudia sentensi ileile kwa upole, mara ya pili na ya tatu. Daftari linafunguliwa, vitu vinahesabiwa. Chai ikiletwa, inywewe.